Hewa ya Chumba cha Nyuma

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani, bado una bawaba zake, uliolazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi. Anayekaa upande wa bawaba huinuka na alama kwenye suruali, kwa hiyo upande huo huachiwa aliyechelewa. Asubuhi hiyo aliyechelewa alikuwa Breki. Jina hilo alipewa na kijiwe kwa sababu mbili: aliendesha treni mpaka akastaafu, na hajawahi kuamua jambo bila kulisimamisha kwanza njiani. Alikaa juu ya bawaba bila kunung'unika, akapokea kikombe kutoka kwa Bi Birika, muuza kahawa, akakikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyetoka kwenye baridi, ingawa jua lilikwisha kupanda juu ya mapaa na lami ilianza kunata. Kulia kwake alikuwepo Wakili, fundi viatu ambaye mahakamani ameingia mara moja tu, kama shahidi, na siku hiyo kesi ikaahirishwa. Mlangoni alisimama Redio, kinyozi mwenyewe, ambaye huwashwa alfajiri na mpaka leo hakuna aliyegundua anazimwa wapi.

— Umeshukia stesheni gani leo? Redio alimuuliza, wembe mkononi, mteja akiwa ameachwa ndani na ndevu za upande mmoja. Uso wako kama tiketi iliyokwisha kutobolewa.

— Nyumbani kuna fundi, alisema Breki. Anapima.

— Anapima nini, kiwanja?

— Hewa.

Wakili aliacha kugonga soli.

— Hewa nayo inapimwa? Basi tumekwisha. Kesho mtasikia ina mwenyewe.

Breki aliwaeleza polepole, kama alivyozoea kuyaingiza mabehewa kituoni. Nyumba yake ni katika zile za zamani za reli, zilizojengwa kwa ajili ya wakubwa: kuta nene, madirisha madogo, na nyuma ya jiko mashine moja kubwa kama kabati inayopoza nyumba nzima. Baridi hupita darini ndani ya mifereji ya bati, ikashuka chumba kwa chumba kupitia matundu yenye wavu, na kila wavu una kijiti cha kufungulia na kufungia. Mashine hiyo ilikuwa imekufa juzi, baada ya kukohoa msimu mzima. Dukani walimwambia haifufuki, anunue mpya. Na mpya zilikuwa mbili: kubwa ya nyumba nzima, na ndogo ya nyumba nzima kasoro chumba kimoja. Akichukua ndogo, fundi atakata mfereji unaokwenda chumba cha nyuma, atauziba kwa bati huko huko darini, na chumba kitabaki cha kuwekea masanduku. Fundi akimaliza kupima atataka jibu, na gari la duka litapakia moja kati ya hizo mbili.

— Sasa kesi iko wapi hapo? alisema Wakili. Chumba hakina mtu. Ziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Hiyo methali si ya mambo ya bati, alisema Bi Birika.

— Methali ni kama kiatu, dada yangu. Ukiivuta kidogo inaingia.

Hakuna aliyecheka. Neno lile, chumba hakina mtu, lilikuwa limekwisha kutua katikati ya benchi na kila mmoja alikuwa akilitazama. Walijua chumba ni cha nani. Breki na mkewe walijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, naye aliondoka asubuhi moja na begi lake begani kwenda kuchimba visima nchi ya mbali. Alipiga simu mara chache, sauti yake ikiwa na upepo ndani yake, kisha simu ikawa haipatikani. Kampuni ilisema amemaliza mkataba akaondoka na wenzake. Hao wenzake hakuna aliyewajua. Hapakuwa na kaburi, wala salamu, wala mtu hata mmoja wa kuja kusema nilimwona mahali fulani. Misimu ya joto ilikuja ikaenda. Kijiweni walijifunza kutomtaja kijana huyo, kama watu wanavyojifunza kuuruka ubao mmoja uliooza kwenye daraja wanalolipita kila siku.

— Shemeji anasemaje? Redio aliuliza, sauti ikiwa chini kuliko kawaida yake.

— Amesema mara moja tu. Kwamba nikikiziba chumba kile nitakuwa nimemzika mtoto. Halafu akaniambia, fanya unavyoona. Akaingia jikoni.

— Fanya unavyoona, Bi Birika alirudia, akitikisa kichwa. Kaka yangu, hiyo si ruhusa. Hiyo ni hukumu imevikwa kanga ya ruhusa.

— Na wewe mwenyewe unaonaje? aliuliza Wakili.

— Nataka kuziba.

Alilisema haraka, na kwa mtu wa jina lake haraka hiyo iliwashtua. Wakili alifungua mdomo kumpongeza, akaona mikono iliyoshika kikombe, akaufunga.

— Si kwa sababu ya gharama, Breki aliendelea. Wala si kwamba nimekata tamaa. Naogopa.

— Unaogopa nini? Masanduku?

— Kijiti.

Akawaambia. Tangu kijana aondoke, yeye ndiye aliyekuwa akiingia chumba cha nyuma kila jioni kusukuma kile kijiti cha wavu, ili baridi isipotee bure mahali pasipo na mtu. Jioni alikifunga. Asubuhi alikikuta wazi. Mwanzoni alidhani ni mama mtu, na hakutaka kumuuliza, maana kuna mambo ukimuuliza mke utakuwa umemnyang'anya. Alinyamaza muda mrefu. Siku alipouliza, mkewe alimtazama kwa mshangao akamjibu: "Mimi nilidhani ni wewe unayemfungulia."

Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa akipandisha mlango wa bati wa duka, nao wakangoja kelele zake ziishe.

— Mtetemo, alisema Wakili hatimaye. Mashine ikiwaka bati linatikisika, kijiti kinateleza. Nimeona misumari inatoka yenyewe kwenye viatu vya watu wanaotembea sana. Haba na haba hujaza kibaba.

— Nilifikiri hivyo hivyo, alisema Breki. Ndiyo maana jana asubuhi nilipokikuta wazi sikushtuka sana, mpaka nilipokumbuka.

— Ulipokumbuka nini?

— Kwamba mashine imekufa.

Redio aliingia ndani, wakamsikia akimwambia mteja avumilie kidogo, akatoka tena bila wembe.

— Endelea.

— Fundi aliniagiza kwa simu nifunge uzi kwenye kila wavu, kabla mashine haijafa, ili nikisikia inawaka niangalie uzi upi unapepea na upi umelala. Hivyo ndivyo wanavyojua mfereji gani umechoka. Nikafunga. Basi mashine ikafa, nyuzi nikaziacha pale pale. Jana mchana nimeingia sebuleni, uzi umelala. Chumbani kwetu, umelala. Nikaenda chumba cha nyuma. Dirisha limefungwa, mlango nao ulikuwa umefungwa mpaka nilipoufungua mwenyewe. Mashine haina hata umeme. Na uzi unakwenda.

— Unapepea?

— Haupepei. Unakwenda. Unavutwa ndani ya wavu, unakaa kidogo, unatoka. Unavutwa tena. Unatoka.

Alionyesha kwa kiganja, taratibu, mbele na nyuma. Hakuhitaji kusema unafanana na nini. Wote wanne walikuwa wakipumua wakati huo, na kila mmoja alijikuta ameipata ile kasi.

Bi Birika akawaongezea kahawa ambayo hawakuiomba.

— Sasa Wakili, alisema Redio, tuletee huo mtetemo wako.

— Ni upepo, alisema Wakili, lakini soli aliyoshika alikuwa akiigonga upande usio na msumari. Darini kuna nafasi. Bati limetoboka mahali, upepo wa nje unaingia na kutoka.

— Jana palikuwa na upepo? Mimi jana nimenyoa watu nje, hakuna hata unywele uliohama.

— Basi ni panya.

— Panya anavuta uzi kwa mapafu?

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, Redio. Panya wa dari si sawa na panya wa chini.

— Wewe nyamaza, nikwambie kitu ambacho si hadithi. Redio alijisogeza, akachuchumaa mbele yao, mgongo kwa barabara. Nina mteja, mtu mzima, ana heshima zake, kichwa chake nimekinyoa mwenyewe. Yeye alikuwa mlinzi kwenye jengo lenye mashine kama hiyo ya Breki. Mifereji ya pale ni mikubwa, mtu anaingia. Kila asubuhi wafanyakazi wanakuta vikombe vimeoshwa. Wanaulizana, nani ameosha? Hakuna. Ikawa mazoea, wanaacha vikombe vichafu makusudi. Siku walipong'oa mifereji kuweka mipya wakakuta humo ndani mkeka, sabuni na kioo kidogo cha kunyolea. Na ndevu. Mbichi.

— Mtu je?

— Mtu hawakumkuta. Na mkeka ulikuwa na joto.

— Na jengo liko wapi? aliuliza Wakili.

— Mteja hakusema.

— Shahidi hayupo, jengo halipo, kilichopo ni ndevu. Mheshimiwa hakimu, naomba kesi hii ifutwe.

— Cheka tu. Penye wengi pana Mungu, na penye dari pana mtu.

Breki hakucheka, lakini hakukasirika pia. Alikuwa akifikiria mifereji ya nyumba yake. Ilikuwa myembamba, mtu hawezi kupita hata akiwa mtoto. Akajishangaa kwamba wazo hilo halikumpa faraja. Kama angejua darini kuna mtu, mwizi, mkimbizi, mwendawazimu, angechukua ngazi na kumuita ashuke wazungumze.

— Mimi nawaambia ukweli, alisema Wakili, na sauti yake ilibadilika kidogo, kama mtu anayeamua kumwachia mpinzani pointi moja. Kuna jambo nimelishuhudia, si la kusimuliwa. Dada yangu na mumewe walinunua mashine kama hiyo, ya mtumba, imetolewa nyumba ya watu wengine. Dada na mumewe walikuwa wapole. Ndoa yao maji na maziwa. Mashine ikafungwa. Wiki haijaisha, wakaanza kugombana.

— Watu wa ndoa kugombana ndiyo ajabu?

— Sikiliza. Wanagombana kuhusu shamba. Mume anasema mama yako ameuza shamba. Dada yangu anasema hakuuza, alidhulumiwa. Wanalia. Halafu wanatazamana. Shamba gani? Mama yetu hakuwahi kuwa na shamba! Mama yetu alikuwa anauza vitambaa! Kikulacho ki nguoni mwako.

Redio alisahau kubisha.

— Wakafanya nini?

— Waliizima. Ugomvi ukakatika kama maji ya bomba. Mpaka leo wanatumia feni.

— Wakili, alisema Bi Birika, wewe ndiye uliyesema mtetemo.

— Nilisema, na bado nasema. Lakini mtu msomi huacha mlango wazi.

Sasa jua lilikuwa limefika kwenye ncha za viatu vyao. Breki alitazama upande wa nyumbani kwake. Kutoka pale benchini paa halionekani, unaonekana tu ukuta wa jirani na kamba ya nguo. Alijua fundi yuko darini wakati huo, na mkewe yuko chini, na kwamba alichokiita kutoka kidogo kupata hewa kilikuwa ni kukimbia. Mtu anayenunua hewa ya nyumba nzima, akaenda kuitafuta barabarani. Asingemlaumu mwenzake kwa jambo kama hilo, akaona si haki kujilaumu mwenyewe.

— Bi Birika, alisema, wewe hujasema neno.

— Mimi nauza kahawa.

— Sema.

Yule mama aliweka birika chini juu ya jiko lake la makaa, akafuta mikono.

— Kabla ya kahawa nilikuwa nafagia ofisi. Zilikuwa na mashine kama hiyo. Nilimuuliza fundi mmoja, hewa hii baridi inatoka wapi, nje? Akaniambia hapana mama, nje ni joto, ukichukua ya nje mashine itakufa. Inachukua hii hii ya ndani, inaivuta kwa tundu kubwa, inaipoza, inairudisha. Inaivuta tena. Hewa ile ile.

— Hewa mwenda tezi na omo, alisema Wakili, marejeo ni ngamani.

Hakuipeleka mahali pabaya kwa makusudi. Ilimtoka tu, kwa mazoea ya kuvuta methali mpaka ziingie. Lakini hiyo ndiyo methali wanayoambiwa wazazi ambao watoto wao wamesafiri. Akainamisha kichwa juu ya kiatu.

— Endelea, dada, alisema Breki.

— Nakuuliza wewe, kaka. Shemeji hufungua madirisha?

Breki alitaka kusema ndiyo, maana ndilo jibu la kila mtu anayeulizwa kama nyumba yake hufunguliwa madirisha. Kisha akakumbuka. Akaona mkono wa mkewe ukikagua kila komeo, asubuhi na jioni, kwa muda wote huo. Alikuwa akisema vumbi. Alikuwa akisema joto lisiingie. Mlango wa mbele aliufungua kwa ufa, akapita ubavuubavu, akaufunga nyuma yake haraka, kama mtu mwenye kuku ndani.

— Hafungui, alisema.

— Tangu lini?

Breki aligeuka tena kuitazama ile kamba ya nguo.

— Basi mimi sisemi kuna mtu darini, alisema Bi Birika. Wala shamba la watu silijui. Nasema tu kwamba mtoto alivuta pumzi ndani ya nyumba ile tangu siku alipozaliwa. Pumzi ya mtu inakwenda wapi? Kwa watu wengine inatoka dirishani, inakwenda zake. Nyumba ile ilikuwa inapoza na kurudisha, inapoza na kurudisha. Mama mtu amefunga madirisha. Yote anayo. Mashine ilipokuwa hai ilikuwa inaisukuma. Sasa mashine imekufa, nayo imezoea kwenda na kurudi. Inakwenda yenyewe.

Redio alijishika mikono yenye malaika yaliyosimama.

— Mama we, umetuua mchana kweupe.

— Mliniuliza.

— Kwa hiyo akiziba?

— Sijui. Mimi sijawahi kuziba kitu kinachopumua.

Breki aliweka kikombe chini. Kahawa ilikuwa imejaa vile vile, juu yake utando. Alikuwa amekuja benchini akitaka mmoja wao, yeyote, amwambie ziba. Na Wakili alikwisha kumwambia hivyo tangu mwanzo, kwa sauti na kwa methali, lakini haikumtosha. Alijua sasa kwamba hakutaka kuambiwa. Alitaka kufanyiwa. Alitaka arudi akute bati limekwisha kupigwa na mkewe ana mtu mwingine wa kumchukia.

— Breki, alisema Wakili kwa upole ambao hautumii kwa wateja. Sikiliza. Mimi naropoka, unanijua. Ukiziba, si dhambi. Usipoziba, si ujinga.

— Hiyo si hukumu, Wakili, hiyo ni kuahirisha.

— Ndiyo kesi pekee niliyosomea.

Wakacheka kidogo, kila mmoja kwa pua yake, na walikuwa bado katika kicheko hicho walipoona kivuli cha mtu mmoja zaidi kwenye lami. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye suruali ya kazi na futi ya chuma kiunoni, nywele na nyusi zimejaa vumbi la dari, jeupe, kiasi kwamba kwa dakika moja walimdhani ni mzee.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Natafuta mwenye nyumba. Mama ameniambia niangalie kwenye benchi la kinyozi, yule ambaye hajanywa kahawa yake.

Macho ya wote yalikwenda kwenye kikombe.

— Ni mimi, alisema Breki. Umemaliza, fundi?

— Nimemaliza, mzee wangu. Vyumba nimepima, madirisha nimepima, kuta nimezigonga, ni nene, nzuri. Mifereji mingine itafaa, mingine nitabadilisha. Kimebaki kitu kimoja, halafu nipige simu dukani wapakie.

— Kubwa, alisema Breki.

Redio alimgeukia. Wakili aliinua kichwa. Hata yeye mwenyewe alilisikia neno likitoka kana kwamba limesemwa na mtu wa nyuma yake.

— Weka ile kubwa, alisema tena. Chumba cha nyuma usikiguse. Usizibe.

— Sawa kabisa, mzee. Lakini kubwa nazo zina saizi zake. Ukichukua iliyozidi, inapoza haraka, inazima, ukuta unabaki na unyevu, nguo zinanuka. Iliyopungua itazunguka bila kupumzika mpaka ife kama hii. Kwa hiyo lazima nijue na watu. Kila mtu ana joto lake, na mashine inahesabu.

Alitoa kalamu sikioni.

— Nyumbani mnaishi wangapi?

Bawaba ililia chini ya Breki. Mteja wa Redio alitokea mlangoni na ndevu zake za upande mmoja, akataka kuuliza kitu, akaona nyuso zao, akarudi ndani.

— Umemuuliza mama? aliuliza Bi Birika.

— Nimemuuliza. Amesema nimuulize baba.

Breki alitazama mikono yake. Swali lilikuwa dogo. Watu wa sensa huuliza, na mwenye duka la mkate, na mtoto wa jirani anayeleta sahani. Alijaribu kulijibu kama wanavyojibu watu wengine, kwa kuhesabu nani yuko mezani. Akahesabu. Akafika mahali, akasimama. Aliwatazama wenzake, na wenzake, ambao tangu asubuhi hawakukosa jibu hata kwa kitu kimoja, walikuwa wakisoma vikombe vyao.

— Mimi nilitaka kuandika watatu, alisema fundi, akiona kimya kimezidi, akidhani labda amegusa mambo ya kifamilia. Ila nikasema nisije nikakosea, huenda yule wa chumba cha nyuma ni mgeni tu, anaondoka.

— Yupi? Redio aliuliza. Sauti ilikuwa nyembamba.

— Yule aliyenishikia ngazi. Sakafu ya kile chumba imebonyea, ngazi ikawa inayumba, mimi kichwa kiko darini. Akaja akaishika. Nikamwambia asante kaka, maana ningeanguka. Kushuka, amekwisha kutoka.

— Atakuwa mama, alisema Wakili haraka. Mama mtu ndiye aliyeshika.

— Mama nilikuwa namsikia jikoni, anaosha vyombo. Fundi alitabasamu. Na mama si wa kushika ngazi ile ikatulia vile, mzee wangu. Ilitulia kama imepigiliwa.

Bi Birika aliinua birika kwa mazoea ya kujaza kimya, akaliinamisha juu ya kikombe cha Wakili. Lilitoa matone, kisha machicha.

— Basi haina shida, alisema fundi, akirudisha kalamu sikioni. Naona nimewachanganya. Chumba kile nacho nitakiwekea kidude chake cha kupunguza na kuongeza baridi, kwa hiyo hata hivyo nilitaka kujua anapenda kiasi gani. Nitarudi nimuulize mwenyewe.

Akaaga, akageuka, futi ikigongagonga kwenye paja lake, akaanza kupandisha barabara ya vumbi.

Walimtazama. Wakili, ambaye hana kesi asiyoipinga, alikuwa ameshika kiatu cha mtu kifuani. Redio alikuwa amejizima. Ingetosha mmoja wao kumuita, amwambie dada, subiri, hakuna mtu wa kuulizwa kule. Lakini hakuna aliyekuwa na hakika nalo kiasi cha kulisema kwa sauti.

Breki aliinuka. Alijikung'uta suruali, akafunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimekwisha fungwa, akazipaka nywele mate kwa kiganja, kama mtu anayekwenda kupokea treni yenye mgeni wake. Kisha akamfuata fundi kwa hatua fupi, akichunga asimfikie, ili wakifika mlangoni fundi ndiye awe wa kwanza kubisha.